Kitufe Hakiitiki: Tamthilia Shirikishi za Televisheni na Hadhira Yetu

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wanapoanza kutafuta mada za tasnifu, hawakosi kujitokeza wawili watatu wanaotaka kuandika juu ya televisheni. Zamani walitaka kuhakiki vichekesho na tamthilia za Kenya na Tanzania. Siku hizi wanataka kutunga wenyewe, tena wanataka kutunga hadithi ambazo mtazamaji anaweza kuziingilia: achague mhusika aende wapi, aamue mwisho uwe upi, atume ujumbe kwa simu na ujumbe huo uibadili hadithi. Katika makala haya hadithi za namna hiyo tutaziita tamthilia shirikishi.

Hatukusudii kuwavunja moyo vijana hawa. Tunakusudia kuhakiki wazo moja lililojificha nyuma ya kazi nyingi za aina hii, nalo ni kwamba kumshirikisha mtazamaji maana yake ni kumpa nafasi ya kuchagua. Hoja yetu ni kwamba kuchagua ni sehemu ndogo tu ya kushiriki, na kwa hadhira yetu si sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Mwalimu yeyote wa fasihi simulizi anajua kwamba fanani akisema "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!", na kwamba Mrundi akisikia "Sokwe!" hujibu "Niruze!" Hakuna aliyechagua chochote hapo, lakini bila jibu hilo hadithi au kitendawili hakiendelei. Hadhira imeitwa, imeitika, na fanani amesikia kwamba imeitika. Swali letu ni hili: je, wabunifu wa tamthilia shirikishi za televisheni wanayasikia majibu ya hadhira, au wanazihesabu kura tu?

Zoezi la shamba

Tulianza kulifikiria jambo hili kutokana na zoezi moja la darasani. Wanafunzi wa kozi ya tamthilia walitunga mchezo wa dakika 15, wakaurekodi kwa kamera ya kuazima. Kisa chenyewe hakina ugeni kwa Mrundi. Mtu aliyekimbia mwaka 1972 akiwa mtoto anarudi kutoka Tanzania, anazungumza Kiswahili kuliko Kirundi, na anakuta shamba la baba yake likilimwa na familia nyingine. Familia hiyo nayo ina karatasi zake, ina makaburi yake pale, ina watoto waliozaliwa pale. Visa vya namna hii vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 2006 serikali iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kushughulikia madai yake. Wanafunzi walirekodi miisho miwili. Katika mwisho wa kwanza aliyerudi anapewa shamba lote. Katika mwisho wa pili waliolikuta shamba wanabaki nalo.

Mchezo ulionyeshwa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya barazani. Walikuja watu wapatao 40. Ilipofika mahali pa kuamua, picha ilisimamishwa, na mwanafunzi mmoja akawaomba watazamaji wanyoshe mikono. Mwisho wa kwanza ulipata mikono mingi zaidi, ukaonyeshwa. Wengine walipiga makofi, wengine walitazama chini. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango hakunyosha mkono hata mara moja. Mwanafunzi wetu alimwendea na kumwuliza kwa adabu, "Bibi, mbona wewe hukuchagua?" Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, umeniuliza nani aondoke. Hukuniuliza wataishi vipi."

Wiki iliyofuata hatukufundisha jambo lingine darasani isipokuwa jibu hilo. Wanafunzi walikuwa wameiandaa kazi yao vizuri. Sauti ilisikika, Kiswahili chao kilikuwa chepesi, waigizaji walifahamika. Kosa lilikuwa katika muundo wa swali. Wao waliamini kwamba wameifungulia hadhira mlango, kumbe walikuwa wamekwisha kuufunga kabla ya hadhira kufika, kwa sababu jibu ambalo bibi alikuwa nalo halikuwamo kati ya majibu mawili yaliyorekodiwa.

Hesabu ya matawi

Ni haki tuanze kwa kuwatetea wanafunzi wetu, kwa maana tatizo hili si lao peke yao. Limo katika hesabu ya kazi yenyewe. Tuchukue tamthilia ya dakika 30 yenye vipande sita vya dakika 5, na baada ya kila kipande isipokuwa cha mwisho mtazamaji achague njia moja kati ya mbili. Hizo ni chaguzi tano. Ikiwa kila uchaguzi unaleta njia mpya kabisa, mtunzi atahitaji kipande 1, kisha 2, kisha 4, 8, 16 na 32, jumla vipande 63. Ni dakika 315, yaani zaidi ya saa tano za picha, ili mtu mmoja atazame nusu saa. Hakuna kituo katika eneo letu kitakachokubali gharama hiyo.

Kwa hiyo wabunifu hufanya hila. Huyaacha matawi yaachane kidogo, kisha huyarudisha kwenye shina. Vikiwekwa vipande viwili tu kwa kila hatua baada ya ule wa kwanza, jumla huwa vipande 11, dakika 55. Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1967, katika maonyesho ya kimataifa ya Montreal nchini Kanada, banda la Czechoslovakia lilionyesha filamu shirikishi ya Kinoautomat iliyobuniwa na Radúz Činčera. Kila kiti kilikuwa na kitufe chekundu na cha kijani, watazamaji wakapiga kura jinsi hadithi iendelee. Lakini filamu ilianza kwa kuonyesha jengo likiungua, na njia yoyote iliyochaguliwa ilirudi kwenye moto ule ule. Wengi wameiona hali hiyo kuwa ni udanganyifu. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Hata mtambaji wa ngano zetu hakubali hadhira imwokoe fisi. Mwisho unajulikana, na bado watoto hawabanduki. Jambo la kuzingatia zaidi katika Kinoautomat ni kwamba kila ilipofika zamu ya kuchagua, mtu halisi alitoka jukwaani akasimama mbele ya kioo, akazungumza na watazamaji na kuwauliza. Kazi hiyo ya mwanzo kabisa ya sinema shirikishi ilikuwa na fanani.

Waliofuata walimwacha fanani njiani wakabaki na vitufe. Mfano unaotajwa zaidi ni Bandersnatch, filamu iliyotolewa na Netflix tarehe 28 Desemba 2018, ambamo mtazamaji huchagua kwa rimoti, na akichelewa mashine humchagulia. Mtu hutazama peke yake, kwa intaneti yake, na kwa fedha zake. Ilisifiwa sana na kupata tuzo. Hata hivyo Netflix ilianza kuziondoa hadithi zake za aina hiyo mwishoni mwa mwaka 2024, na Bandersnatch nayo ikaondolewa mwaka 2025. Hatusemi kwamba kuondolewa huko ni ushahidi wa ubaya wa kazi. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi wa Bujumbura anayeiga muundo ule anaiga kitu ambacho hata wenye fedha na mitambo hawakuona faida ya kukiendeleza.

Wengi wape?

Televisheni ya kawaida ina sharti moja ambalo intaneti haina. Wote hutazama picha moja kwa wakati mmoja. Haiwezekani nyumba hii ipate mwisho wa kwanza na nyumba ya jirani ipate wa pili. Kwa sababu hiyo tamthilia shirikishi za televisheni hukimbilia kura. Nchini Brazili, kituo cha TV Globo kilionyesha kuanzia mwaka 1992 hadi 2000 mfululizo ulioitwa Você Decide, maana yake "Wewe Ndiwe Unayeamua". Kila kipindi kilileta mgogoro wa kimaadili, watazamaji wakapiga simu, na mwisho uliopata kura nyingi ndio ulioonyeshwa. Muundo wake uliigwa katika nchi nyingi, na ni rahisi kuona sababu: ni nafuu, unaeleweka, na unachangamsha.

Waswahili husema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Methali hii ni nzuri kwa mambo mengi, lakini tunaionea mashaka kama kanuni ya kutungia hadithi, hasa hapa kwetu. Tunaandika haya katika nchi ambayo ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba hesabu ya walio wengi haitoshi kuwaweka watu pamoja. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya mwaka 2005 iliyoufuata, viliweka uwiano wa asilimia 60 kwa 40 katika Bunge na masharti mengine, ili walio wengi waongoze bila ya walio wachache kumezwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya utaratibu huo. Lakini mtunzi anayechukua kisa cha shamba, akakiweka mbele ya watu wa Buyenzi au Ngozi au Rumonge, kisha akasema mikono iliyo mingi ndiyo iamue, ajue kwamba amerudisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho taifa lilikaa miaka mezani kukiwekea mipaka. Wale waliotazama chini siku ile walikuwa ni hadhira pia. Mchezo haukuwa na neno lolote la kuwaambia.

Aidha, kura humwondolea mtunzi mzigo ambao ni wake. Tukumbuke Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, anaambukizwa virusi vya UKIMWI. Laiti wasikilizaji wangepewa kitufe, hatuna shaka wengi wangemwokoa, maana alikuwa anachekesha na watu walimzoea. Hadithi ingepoteza nguvu yake yote, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa ni kuonyesha kwamba tendo lina matokeo ambayo huruma yetu haiwezi kuyafuta.

Msimulizi wa kibanda cha video

Je, Afrika Mashariki haina mfano wake? Tunao, na tumeudharau kwa sababu ulizaliwa katika vibanda vya mabati badala ya vyuo. Ni wasimulizi wa filamu, wale wanaokaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji. Uganda huwaita VJ, na VJ Jingo ni maarufu miongoni mwao. Kenya wanamfahamu DJ Afro. Kwa majirani zetu wa Rwanda filamu zilizosimuliwa hivyo huitwa agasobanuye, neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kueleza, na hata hapa Bujumbura neno hilo halihitaji mkalimani. Tanzania walikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alizisimulia kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, India, Marekani na Nigeria. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amemchunguza kwa makini, na mwaka 2013 alichapisha sura nzima juu ya namna Lufufu alivyoisimulia upya filamu ya Kinigeria ya Karishika.

Msimulizi wa filamu hampi mtazamaji chaguo hata moja. Picha ni ile ile, imekwisha kurekodiwa nchi nyingine. Hata hivyo mtazamaji wa kibandani hushiriki kuliko mwenye rimoti. Anacheka, msimulizi anaongeza. Ananung'unika, msimulizi anamjibu. Jambo likiwa geni, msimulizi analifananisha na la mtaani. Mhusika akifanya upuuzi, msimulizi anamsuta kwa methali kabla mtazamaji hajafanya hivyo. Huo ndio uitikiaji tuliokuwa tukiutafuta, nao haukuhitaji kitufe. Ulihitaji mtu mwenye masikio na mwenye lugha.

Tusiwasifu wasimulizi hawa kupita kiasi. Wapo wanaopotosha kisa ovyo, wapo wanaowadhihaki wanawake kwa kila kipindi, na suala la haki za mwenye filamu ni zito. Tena usimulizi ulipohamia kwenye kanda na diski, msimulizi alipoteza kile kilichomfanya awe fanani: hamsikii tena anayecheka. Anakisia tu. Lakini hata kukisia huko kunatufundisha kitu, maana anakisia akiwa amekwisha kukaa na hadhira yake muda mrefu.

Watunzi wetu wakubwa walilijua jambo hili. Ebrahim Hussein katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini (1976) aliuegemeza mchezo wote kwenye sauti ya msimulizi. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) alimweka Bi Msimulizi azungumze na hadhira ana kwa ana. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walishiriki kutafuta tatizo, kulichambua, kulitungia mchezo na kuujadili baada ya kuuona. Tulipokuwa tukisoma shahada yetu ya uzamili tulizisoma kazi hizi kama historia ya tamthilia. Leo tunaona zilikuwa pia ni somo la ubunifu ambalo mtu wa televisheni angefaidika nalo. Ushiriki wa Malya ulianza kabla ya hadithi kuwapo.

Ujumbe mfupi na jibu lake

Simu ya mkononi ilipoenea, watayarishaji wa Kenya walipata njia ya kuisikia hadhira iliyo mbali. Tamthilia ya Makutano Junction, iliyotayarishwa na kampuni ya Mediae na kuonyeshwa na Citizen TV, iliwaalika watazamaji watume ujumbe mfupi ili wapate vipeperushi juu ya mada ya kipindi, kama vile afya au kilimo. Tunaupongeza uaminifu wa mpango huo, kwani aliyetuma alipata kitu mkononi. Dosari tunayoiona ni kwamba mazungumzo yalikwenda upande mmoja. Mtazamaji aliuliza kama mgonjwa anavyomwuliza mganga, akapewa dawa, hadithi ikaendelea bila kujua kama aliwahi kuuliza. Vilevile wahusika wake walizungumza zaidi Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na lugha ya kipindi humwambia mtazamaji mapema ni nani anayetarajiwa kujibu.

Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010, ilipiga hatua zaidi. Ilikuwa katuni ya gazetini, kipindi cha redio na ukurasa wa mtandaoni kwa pamoja. Kiini chake ni kijana wa kubuni, DJ Boyie, anayerusha matangazo kwa siri kutoka chumbani kwake. Vijana walimwandikia yeye, naye akawajibu kwa Sheng, lugha yao. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kidijitali mwaka 2012. Walimu wa lugha tunaweza kuikunjia uso Sheng, na tuna sababu zetu. Lakini tukubali kwamba hapa mhusika mwenyewe aliitika, na aliyemwandikia alijua amesikika. Katika mizani yetu jambo hilo lina uzito kuliko miisho 32.

Onyo kutoka ng'ambo ya Rusizi

Msomaji makini atatuuliza: ikiwa kuzungumza ni kuzuri hivyo, si tuwafungulie tu watu simu waseme? Jibu linatoka karibu sana nasi. Shirika la La Benevolencija, ambalo tangu mwaka 2004 lilitayarisha mchezo wa redio wa Musekeweya nchini Rwanda, lilitayarisha pia mchezo wa kupatanisha watu mashariki ya Kongo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha maeneo yaliyopata mchezo peke yake na maeneo yaliyopata mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji waujadili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 yaliwashtua wengi. Waliohimizwa kujadili walijadili kweli zaidi, lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi kwa wengine, walikumbuka zaidi machungu yao, na hawakuwa tayari kuwasaidia watu wasiowapenda kama walivyokuwa wenzao waliosikiliza mchezo tu.

Matokeo haya yanatuuma sisi walimu, kwa sababu tunaamini mjadala ni dawa ya kila kitu. Lakini hayapingani na hoja yetu, yanaipa mipaka. Hadhira iliyoachiwa uwanja bila fanani haiwi huru kwa sababu hiyo tu. Mwenye sauti kubwa ndiye husikika, na mwenye kidonda hukitonesha. Katika utambaji wa ngano fanani hakubali hadhira impokonye kisa. Anaisikiliza, anaipa nafasi, kisha anairudisha njiani. Mwalimu wa darasa la watu 80 anajua vizuri tunachokisema.

Mapendekezo

Kutokana na haya, tunawapendekezea wanafunzi na walimu wenzetu mambo manne.

Kwanza, swali la kuiuliza hadhira lisiwe la "nani" au "upi" pale ambapo kisa kinahitaji "vipi". Ikiwa majibu yote yanaweza kuandikwa kwenye vitufe viwili, huenda mtunzi amekwisha kujibu yeye mwenyewe.

Pili, awepo fanani. Anaweza kuwa mtangazaji, au mhusika anayegeuka na kutuzungumzia kama Bi Msimulizi. Kazi yake ni kuita, kusikiliza, na kuwataja hata wale ambao maoni yao hayakufuatwa.

Tatu, lugha ya jibu iwe ya anayejibu. Katika zoezi letu la pili wanafunzi waliwaomba watu waandike maoni, kisha wakaanza kuyasahihisha yawe Kiswahili sanifu kabla ya kuyasoma. Tuliwazuia. Kiswahili cha Buyenzi kina Kirundi ndani yake, na aliyerudi kutoka Kigoma ana chake. Usanifu tuutie katika usimulizi wetu. Tukiutia katika kinywa cha mtazamaji, tumemnyang'anya jibu lake.

Nne, na hili ndilo kubwa, tutumie muda ulio kati ya kipindi na kipindi. Wabunifu wengi wanatafuta mwitikio wa papo kwa papo, ilhali televisheni haiwezi kuupata bila kura. Tamthilia ya mfululizo ina siku saba za kusikiliza. Warundi wanaijua nguvu ya mfululizo tangu Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio ulioandikwa kwa Kirundi na Marie-Louise Sibazuri kwa ajili ya Studio Ijambo kuanzia mwaka 1997, wakati vita vikiendelea, juu ya majirani wa Kihutu na Kitutsi. Watu waliusikiliza, wakauzungumza nyumbani na barabarani, wakarudi kuusikiliza. Mtunzi akiyakusanya mazungumzo ya wiki na kuyaweka kinywani mwa wahusika wa wiki ijayo, atakuwa amejenga mfumo shirikishi ambao gharama yake ni kalamu, daftari na miguu ya kutembelea watu.

Hitimisho

Tulirudi Buyenzi. Safari hii hapakuwa na miisho miwili. Mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya picha iliyosimamishwa, akasema yeye ni kijana wa ile familia iliyolikuta shamba, akawauliza waliokuwepo: "Kesho asubuhi tutakutana kisimani. Nimwambie nini?" Mazungumzo yalichukua karibu saa mbili. Hakukuwa na makubaliano. Mtu mmoja alitoka kwa hasira, na tunalitaja hilo ili msomaji asidhani tumevumbua dawa. Lakini yule bibi alizungumza, na mengi ya aliyoyasema yaliingia katika muswada mpya ambao wanafunzi bado wanaufanyia kazi. Sehemu ya kisima imeandikwa upya mara tatu.

Kwa hiyo kwa wale watakaotuletea mada za tasnifu mwaka huu, tunaomba watangulize swali moja kabla ya kutuchorea matawi ya hadithi yao. Watueleze mtazamaji wao akiitika, ni nani atakayemsikia.